Volti Inayoimba, Volti Inayoamuru

Mtu akiiona sinthesaiza ya moduli, yaani ala ya umeme iliyojengwa kwa vifaa vidogo (moduli) vinavyounganishwa kwa waya, kwa mara ya kwanza hawazii muziki. Anawaza ile mitambo ya simu ya zamani, opereta amekaa mbele ya ubao akichomeka waya huku na kuchomoa kule. Hakuna vibao vya kinanda, hakuna nyuzi, hakuna ngozi iliyowambwa. Kuna matundu, taa ndogo zinazokonyeza, nobu za kuzungusha zisizo na idadi, na nyaya zimetandaa juu ya vyote hivyo kama utando wa buibui. Anayeicheza naye haonekani kama anapiga chochote. Anachomoa waya, anauchomeka tundu la tatu, anagusa nobu kidogo, na mngurumo uliokuwa ukitikisa chumba unageuka mlio wa ndege.

Wanaoanza huuliza kila moduli inafanya kazi gani, na wapo wanaokariri majina kama watoto wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Moduli zilizopo sokoni ni maelfu, utazeeka hujamaliza. Mimi naona kuna swali moja la kulishika kwanza, na ukilishika hilo mengine yanajipanga: umeme unaopita ndani ya waya huu, nautaka niusikie, au nautaka unifanyie kazi? Maana ndani ya sanduku lile hakuna noti wala mdundo. Kuna volti zinazopanda na kushuka, basi. Volti hizohizo, ukizielekeza kwenye spika zinaimba. Ukizielekeza kwenye moduli nyingine zinaamuru.

Tanki linalojaa na kumwagika

Tuanze na zinazoimba. Koni ya spika husukumwa mbele volti ikipanda na huvutwa nyuma volti ikishuka. Ikienda na kurudi mara 440 kwa sekunde, sikio linasikia ile La ambayo okestra hutumia kuweka ala zake sawa. Mara 220, ni La ileile oktava moja chini. Ukishuka chini ya mara 20 hivi, sikio linaacha kusikia noti na kuanza kuhesabu vishindo kimoja kimoja. Ushike huo mpaka wa 20, tutaurudia.

Sakiti inayozipandisha na kuzishusha volti hizi huitwa oskileta, na mojawapo ya njia zake maarufu ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Chukua tanki linalojazwa maji kwa bomba. Likifika ukingoni, mtu anafungua tundu la chini, maji yote yanamwagika mara moja, tundu linafungwa, tanki linaanza kujaa tena. Tanki ni kapasita, maji ni umeme, na anayefungua tundu ni transista. Sasa chora kimo cha maji kwenye karatasi: mstari unapanda kwa mshazari, unaanguka wima, unapanda tena. Umechora meno ya msumeno, na wimbi lenyewe linaitwa hivyohivyo. Fungulia bomba zaidi, tanki linajaa haraka, noti inapanda.

Wimbi la msumeno lililowekwa kwenye 440 halibebi 440 peke yake. Ndani yake mna 880, 1320, 1760 na kuendelea, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyoitangulia: ya pili ina nusu ya kimo cha kwanza, ya tatu theluthi, ya nne robo. Ndiyo maana linawasha masikio kama nyuki aliyechokozwa. Wimbi la mraba lina zile za witari tu, yaani 440, 1320, 2200, nalo husikika kama lina uwazi ndani, jamaa ya klarineti. Wimbi la sine lina moja tu, laini kama mluzi, na kwa kweli linachosha haraka.

Baada ya hapo inakuja filta, ambayo kazi yake ni ya mchonga vinyago: gogo limeshaletwa, kilichobaki ni kuondoa. Filta ya ngazi ya mhandisi Robert Moog, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1969, hukata desibeli 24 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila oktava iliyo juu ya mpaka uliouweka. Ukiufungua mpaka huo polepole, unasikia sauti iliyofunikwa blanketi ikitoka nje taratibu: mmmm-wooo-waaa. Mdomo wako unafanya vivyo hivyo unapoteleza kutoka “u” kwenda “a” bila kubadilisha noti.

Tatizo lilikuwa mkono

Oskileta na filta hazikuzaliwa na sinthesaiza. Zilikuwapo maabara na kwenye vituo vya redio miaka mingi kabla, na wadadisi walishaanza kuvichezea vifaa hivyo. Mwaka 1944 kijana wa Cairo, Halim El-Dabh, alichukua mashine ya kurekodia kwenye waya wa chuma, akanasa sauti za ngoma ya zari, ngoma ya kupunga pepo. Kisha studioni akaipitisha rekodi ile kwenye mwangwi, akaichuja mpaka nyimbo zikayeyuka na kubaki uvumi tu. Hiyo ni miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer kurusha majaribio yake ya muziki wa sauti zilizorekodiwa kwenye redio ya Ufaransa mwaka 1948, na Schaeffer ndiye anayetajwa kwanza katika simulizi nyingi. Mwaka 1963, katika karakana ya sauti ya BBC huko London, Delia Derbyshire alitengeneza muziki wa kufungulia tamthilia ya televisheni Doctor Who, uliotungwa na Ron Grainer, bila sinthesaiza yoyote. Kila noti ilirekodiwa peke yake kwenye utepe, ikakatwa kwa wembe, ikaungwa na mwenzake.

Ukiwaza kazi ile ya wembe utaelewa walichokuwa wakikosa. Sauti walikuwa nazo. Kilichopungua ni mikono ya kutosha kuzungusha nobu kumi kwa wakati mmoja, kwa kasi na kwa usahihi.

Mwaka 1964 Moog, akishauriana na mtunzi Herbert Deutsch katika jimbo la New York, aliunda moduli ambazo nobu zake zinaweza kuzungushwa na volti. Upande wa pili wa nchi, San Francisco, Don Buchla naye alikuwa akielekea hukohuko, akiwajengea watunzi Morton Subotnick na Ramon Sender. Hawakushauriana. Wazo lilikuwa limeshaiva, kila mmoja akalichuma kivyake.

Rudi kwenye tanki letu. Badala ya kufungulia bomba kwa vidole, weka volti iliyotoka mahali pengine ndiyo ifungulie. Moog alichagua kanuni ambayo bado inatumika zaidi leo: ongeza volti 1, noti ipande oktava 1. Kwa kuwa oktava ina nusu toni 12, kila nusu toni inagharimu volti 1 ikigawanywa kwa 12, kama milivolti 83.

Kanuni hiyo ina ujanja ambao haonyeshwi anayeanza. Sikio halihesabu kwa kujumlisha, linahesabu kwa kuzidisha: kutoka 110 hadi 220 ni oktava, na kutoka 220 hadi 440 ni oktava vilevile, ingawa hatua ya pili ni ndefu mara mbili. Kwa hiyo ndani ya oskileta mna sakiti inayogeuza kujumlisha kuwa kuzidisha. Faida yake ni kubwa mno. Una wimbo mzima uliotengenezwa kwa volti? Ujumlishie 0.58, na wimbo wote unapanda nusu toni 7, kila noti ikihama na wenzake bila hata mmoja kuachwa nyuma.

Hasara yake ni joto. Sakiti ile ya kuzidisha inategemea tabia ya transista, na tabia ya transista hubadilika chumba kikipata joto. Ndiyo maana wenye mashine za zamani huziwasha mapema, wakaziacha zitulie kabla ya kuzipatanisha, na ndiyo maana wimbo mrefu ukianza sawasawa unaweza kumalizika umepinda kidogo. Wapo wanaouita upindaji huo utamu wa analogi. Kwa kiasi ni kweli, lakini kiasi kingine ni uchuuzi.

Tahadhari moja hapa: si kila mashine inafuata volti 1 kwa oktava. Buchla alitumia volti 1.2, yaani 0.1 kamili kwa kila nusu toni, na Korg MS-20 ya mwaka 1978 inafuata kanuni nyingine kabisa. Ukiziunganisha bila kujua, oktava zako zitatoka ovyo na utadhani mashine imeharibika.

Nobu moja, dunia mbili

Sasa turudi kwenye ule mpaka wa 20, maana hapo ndipo swali letu la kuimba na kuamuru linapojibiwa kwa masikio.

Chukua oskileta mbili. Ya kwanza ipeleke kwenye spika, iweke 440. Ya pili ishushe hadi iende mara 6 tu kwa sekunde. Hiyo ya pili ukiipeleka kwenye spika hutasikia noti. Koni itapumua tu. Lakini ichomeke kwenye tundu la oskileta ya kwanza linalopokea amri ya noti. Noti inaanza kutikisika juu na chini kidogo, kama sauti ya mwimbaji anayeishikilia noti ya mwisho. Mkono usioonekana umeishika nobu na unaitingisha.

Usiguse waya wowote. Zungusha nobu ya kasi ya oskileta ya pili, polepole. Mara 8, mtikisiko unakuwa wa wasiwasi. Mara 12, ni king’ora. Mara 15, 18, sikio linahangaika kuufuata. Kisha, mahali fulani baada ya 20, mtikisiko unatoweka na mahali pake inasimama sauti mpya, ngumu, ya chuma, isiyokuwapo kwenye oskileta yoyote kati ya hizo mbili. Ukifika 200, pamoja na 440 yako zinajitokeza 640 na 240, halafu 840 na 40: ile ya kwanza ikijumlishwa na kutolewa 200, tena na tena. Kwa kuwa hesabu hizo hazifuatani kama za msumeno, sikio linasema kengele.

Waya haukuhama. Moduli ni zilezile mbili. Kilichobadilika ni kwamba amri ilikimbia kasi kuliko sikio linavyoweza kuifuata, ikawa sauti. Mwaka 1967 John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford aligundua jambo hilohilo kwenye kompyuta, Yamaha wakanunua haki ya kulitumia, na mwaka 1983 likatoka DX7, kinanda cha dijitali kilichotapakaa kwenye nyimbo za muongo ule. Chanzo chake ni hiyo nobu moja.

Vingine vinavyoamuru vinaeleweka upesi ukishayajua haya. Amplifaya inayotii volti ni mlango wa sauti: volti ikiwa sifuri umefungwa, ikipanda unafunguka. Enivelopu ni moduli inayotoa volti yenye umbo la tukio, yaani jinsi sauti inavyopanda, inavyoshuka, inavyokaa na inavyoachia, na tofauti ya noti iliyogongwa na noti iliyopulizwa iko humo. Geti, jina wanalotumia wenyewe, ni volti inayosema tu “sasa” na “basi”.

Sikwensa haijui muziki

Sikwensa ya kawaida ni safu ya nobu 8 na taa 8. Kila mpigo unapoingia, taa inahamia nobu inayofuata, na volti ya nobu hiyo ndiyo inayotoka. Ikifika ya 8 inarudi ya kwanza. Moduli ya 960 ya Moog ilikuwa hivyo, hatua 8 na safu tatu.

Tuseme oskileta imewekwa La na umepanga nobu hivi: 0, 0, 0.25, 0, 0.58, 0.42, 0.25, 0. Utasikia La, La, Do, La, Mi, Re, Do, La, ukizunguka bila kuchoka. Weka sikwensa ya pili inayokwenda hatua moja kila mzunguko mzima wa ile ya kwanza, ijumlishe volti 0 mara tatu halafu 0.42 mara moja. Mzunguko wa nne wote unahamia Re, kisha unarudi nyumbani. Umeshapata mfuatano wa kodi za muziki (chord), na hakuna aliyeuandika popote. Mwaka 1977 huko Munich, Giorgio Moroder aliujenga wimbo mzima wa mwimbaji Donna Summer, “I Feel Love”, juu ya Moog ya moduli iliyoendeshwa namna hii. Besi yake ilipigiwa mwangwi ukaingia katikati ya kila noti mbili, ndiyo ile mbio ya farasi inayosikika, na ngoma ya kiki ikabidi ipigwe na binadamu.

Lakini sikwensa haijui kwamba inatoa noti. Yenyewe inatoa volti. Chomoa waya kwenye oskileta, uchomeke kwenye filta: noti inabaki moja, mwanga na giza ndivyo vinavyofuatana. Uchomeke kwenye tundu la kasi la saa inayoiendesha sikwensa yenyewe, na kila hatua itaamua ifuatayo ije baada ya muda gani. Hapo mdundo unaanza kuchechemea kwa namna ambayo mpigaji ngoma angehitaji miezi kuizoea.

Ukiwa na mbili zisizolingana mambo yananoga. Moja ya hatua 5, nyingine ya hatua 8, zote zikiendeshwa na saa ileile: zitakutana tena mwanzoni baada ya mipigo 40. Ongeza ya hatua 7, na marudio kamili yanakuja baada ya 280. Kuna pia moduli za midundo ya Euclid, yule Mgiriki wa kale wa hesabu. Unaziambia, tandaza mipigo 3 sawasawa kadiri inavyowezekana katika nafasi 8, nazo zinatoa tá-ta-ta-tá-ta-ta-tá-ta. Mwanasayansi wa kompyuta Godfried Toussaint alionyesha mwaka 2005 kwamba kanuni ya kale ya Euclid ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika inazalisha midundo mingi ya kienyeji ya dunia. Mipigo 7 katika nafasi 12, kwa mfano, inatoa mdundo wa kengele wa Afrika Magharibi. Wapiga kengele hawakumsubiri Euclid, bila shaka.

Na sasa mchezo ninaoupenda kuliko yote. Iongeze kasi saa ya sikwensa ile ya hatua 8. Wimbo unakimbia, unakuwa mchakato, unakuwa mgwaruzo, kisha, hatua zikifika 800 kwa sekunde, mzunguko mzima unajirudia mara 100 na unasikia noti moja nzito, karibu na Sol. Ile hapo ni sikwensa iliyogeuka oskileta. Nobu 8 ulizozipanga kama wimbo sasa ni umbo la wimbi. Ukigusa ya tano, ile iliyokuwa Mi, hubadilishi noti, unabadilisha rangi ya sauti. Volti iliyokuwa ikiamuru inaimba.

Njia ya Buchla

Moog alikubali kibao cha kinanda, na hilo lilimsaidia kuuza. Buchla alikikataa. Aliona kibao cha kinanda kinakurudisha kwenye muziki uleule ulioujua jana, akaweka bamba za kuguswa na moduli za kubahatisha. Badala ya kuanza na wimbi lililojaa na kuliondolea, alipenda kuanza na jembamba na kulikunja likunjike likajaa.

Kifaa chake ninachokistaajabia ni kidogo. Ni kasha lisilopitisha mwanga, ndani yake taa moja na kipande kinachohisi mwanga. Volti ikiingia taa inawaka, kipande kinapitisha sauti. Taa ikizimika, kipande hakisahau papo hapo. Kinauachia mwanga taratibu, na jinsi sauti inavyofifia ndivyo inavyopoteza pia ukali wake. Matokeo ni “tok” ya gogo lililogongwa, kwenye mashine isiyo na mti hata chembe. Leo kompyuta nyingi hutumia hesabu nzito kuiga uzito ule wa kipande kimoja.

Kubahatisha nako ni rahisi. Chukua chwaaa ya redio isiyokamata stesheni, ipeleke kwenye moduli inayonasa volti moja kila mpigo na kuishikilia hadi mpigo ufuatao. Kila mpigo, noti usiyoitarajia.

Kabla hujachomeka

Moduli nyingi za leo zinafuata vipimo vilivyoanzishwa na Mjerumani Dieter Doepfer katikati ya miaka ya 1990: kimo cha milimita 128.5, upana unaohesabiwa kwa vipande vya milimita 5.08, umeme wa volti 12 chanya na hasi, pini za milimita 3.5. Tangu 2017 ipo pia VCV Rack, programu ya bure inayokupa haya yote kwenye kompyuta, na kwa kujifunzia sioni sababu ya kuanza kwingine. Nyaya za mbele hazitakuunguzia kitu kwa urahisi, jaribu unavyotaka. Hatari iko nyuma, kwenye mkanda wa umeme: mstari mwekundu ni volti 12 hasi, na ukiugeuza, moduli inaweza kufa kabla hujanusa moshi.

Nilipounganisha moduli zangu za kwanza, nilikaa karibu saa nzima mbele ya ukimya. Taa zote zilikuwa zinakonyeza kwa furaha. Nilikagua oskileta, nikakagua sikwensa, nikabadilisha nyaya. Aliyeniokoa aliniambia nianzie kwenye spika, nirudi nyuma waya kwa waya, na kila tundu niliulize swali lilelile: hapa naimba au naamuru? Kwenye amplifaya jibu likaonekana. Sauti ilikuwa imeingia, amri haikuwapo. Mlango ulikuwa umefungwa na hakuna aliyeubisha. Waya mmoja kutoka enivelopu, ikalia.

Usiku ule nilipata sauti moja ya kengele iliyokuwa ikikohoa mwishoni, sijui kwa nini. Mashine hizi hazina kitufe cha kuhifadhi. Ukichomoa nyaya, imekwenda. Nilipiga picha kila nobu. Nilipoirudia kesho yake kwa kufuata picha hizo, kengele ililia sawasawa, lakini kikohozi hakikurudi.